Sala za Saa Kumi na Mbili

Mimi ni mtu wa vipindi vya kutisha, na sioni haya kusema hivyo. Mke wangu huniuliza mtu mzima mwenye watoto wawili katika shule ya bweni anatafuta nini kwa maiti zinazotembea. Humjibu kwamba siku nzima nauza dawa ya kupe na chakula cha vifaranga katika duka la pembejeo mjini Meru, na hakuna kinachonishtua huko isipokuwa jogoo wa mteja akitoroka kikapuni. Nikifika nyumbani nataka kuogopa kidogo, nikiwa nimeketi, na chai mkononi. Yeye ni mwalimu, runinga hana haja nayo, anasema kelele za darasani zinamtosha.

Kwa hiyo nikisema kwamba aliyenifundisha kutazama runinga ni mama mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa haoni, mjue sifanyi mzaha.

Alitoka kwake Manyatta, upande wa Embu, akiwa na mkoba mmoja na leso mbili. Macho yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, la kulia lilimpa vivuli. Chai yake alikuwa bado anaichuna kwa kupapasa, majani mawili na chipukizi, na hakuna siku kikapu chake kilikataliwa. Lakini jikoni alikuwa ameanza kumimina maji moto nje ya kikombe, juu ya mkono wake mwenyewe. Mke wangu alimbembeleza miaka miwili kabla hajakubali kuja kupasuliwa Meru. Alipokuja, daktari akampima, akasema sukari iko juu, ishuke kwanza, arudi baada ya wiki nne. Mke wangu alijua kwamba mama akirudi nyumbani kungoja hizo wiki nne hatatoka huko tena. Basi akakaa kwetu Kaaga, hapo hapo Meru.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Kwa watu wetu, Wameru kwa Waembu, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Tunaiita nthoni. Si aibu ya mtu aliyekosa, ni heshima iliyokazwa mpaka ikawa ukuta. Humtazami usoni, huli naye mkielekeana, na kuna maneno ambayo hayatamkwi akiwa karibu hata kama yameandikwa kwenye kitabu cha sayansi cha watoto. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yangu nilikuwa nimemsalimia mama huyu nikiwa mlangoni, nikitazama viatu vyangu. Nilimwita Shosho, yaani nyanya, kama watoto wangu wanavyomwita. Yeye aliniita Baba, na hapo mazungumzo yetu yalikuwa yamekwisha.

Sasa fikiria. Mimi nafika nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni. Mke wangu anasimamia masomo ya jioni shuleni mpaka saa mbili. Ni saa mbili na nusu za watu wawili wasioruhusiwa kuzungumza, ndani ya nyumba yenye sebule moja. Wiki ya kwanza nilimsalimia, nikapita jikoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kulisha sungura. Niliwalisha mpaka giza. Sungura wangu hawajawahi kunenepa kama wiki ile.

Siku ya nane ikanyesha ile mvua ya Meru inayokuja kwa pembeni. Nikakimbilia ndani, nikaketi kwenye kigoda karibu na mlango, yeye akiwa kwenye kochi kando ya ukuta, na kwa kukosa pa kuweka macho nikawasha runinga. Kulikuwa na kipindi changu, kile cha nyumba kubwa ambayo mwanamke aliyekufa hutembea kwenye ngazi zake. Mlango ukalia. Mtu akapiga yowe.

"Nani huyo analia?" Shosho akauliza. Hakuniuliza mimi, aliuliza ukuta.

Nami nikaijibu runinga. Nikaiambia kwamba ni msichana wa nyumba hiyo, ameona mwanamke mwenye gauni jeupe amesimama kwenye ngazi.

"Huyo mwanamke anataka nini?"

Nikaiambia runinga kwamba hajulikani anachotaka, ni mfu.

Akafikiri. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekataa mchumba wa binti yake, "Mfu mwenye akili harudi kupiga milango. Anarudi kuonyesha mpaka wa shamba uko wapi."

Nilicheka kabla sijakumbuka ninacheka na nani. Mvua iliisha na sikuenda kwa sungura.

Ndivyo tulivyoanza. Yeye alisema kwa Kiembu na mimi kwa Kimeru, lugha ambazo ni kama watoto wa mama mmoja waliolelewa nyumba mbili, na hapa nawaandikia kwa Kiswahili. Wote wawili tulielekea runinga. Ukitazama kitu kimoja na mtu, huhitaji kumtazama yeye, na wazee waliotuwekea nthoni hawakuacha neno lolote kuhusu runinga. Niliieleza runinga yote yaliyokuwa ndani yake, nani ameingia, amevaa nini, ameshika nini, na Shosho akatoa hukumu.

Alihukumu kila kitu. Ile nyumba ya mzimu aliuliza ina vyumba vingapi, nikamwambia naona kama ishirini, na waliomo ni watu watatu. Akasema basi, vile vyumba vingine walitarajia vikaliwe na nani. Mazimwi ya hadithi za nyanya yake, alisema, yalikuwa na sababu, yalikuwa na njaa, na ukijua mtu ana njaa unajua pia namna ya kumponyoka. Mzimu wa runinga hana njaa wala kiu, anasumbua tu. Na alinigundulia jambo ambalo mimi na macho yangu mazima sikuwa nimeliona miaka yote. Mzimu akikaribia, muziki unakuwa mwembamba. "Anakuja huyo," angesema, mikono ikiendelea kuambua njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, na kweli, nikihesabu mpaka tano, gauni jeupe hilo. Tangu siku hizo vipindi vya kutisha vimenipungukia utisho na kunizidia utamu, na namshukuru kwa yote mawili.

Saa kumi na mbili ndipo ilipokuja tamthilia ya familia. Hiyo sikuwa naitazama, lakini Shosho alisikia watu wanagombana akasema niache hapo hapo. Ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiingereza kutoka lugha nyingine, na Kiingereza yeye hajui. Kulikuwa na mama tajiri mjane, watoto wake wanne waliotaka kumrithi kabla hajafa, na daktari kijana wa familia. Shosho aliwapenda mara moja. Alilalamika tu kwamba wanasimama sebuleni asubuhi mpaka jioni wakisutana na hakuna hata mmoja anayekwenda kukama ng'ombe. "Ndiyo maana wanagombana," alisema. Mimi niliona, na bado naona, kwamba tamthilia za familia zinatisha kuliko za mizimu. Mzimu unaweza kumhama. Shangazi mwenye roho mbaya unamhamia wapi?

Sasa nije kwenye kosa langu.

Jioni ya pili au ya tatu, daktari kijana na nesi wake waliingia kwenye stoo ya dawa, wakafunga mlango, wakaanza kubusiana. Hakukuwa na maneno, muziki wa polepole tu. Nilikauka. Kumwambia mama wa mke wangu kwamba watu wanabusiana ni jambo ambalo ulimi wangu haukuumbiwa. Kuzima runinga ningekuwa nimesema hivyo hivyo kwa njia nyingine.

"Mbona wamenyamaza?" Shosho akauliza.

Niliwatazama. Macho walikuwa wamefumba. Vichwa vilikuwa vimeinama, vimekaribiana.

"Wanaomba," nikasema.

"Aa," akasema, kwa furaha kubwa. Akaweka njahi chini, akainamisha kichwa chake chenye kitambaa. Ningefanya nini? Nami nikainamisha changu. Tulikaa hivyo mpaka muziki ukaisha.

Uongo ule ulihitaji kulishwa kila siku, kwa sababu watu wa tamthilia ile walikuwa hawachoki. Waliomba kwenye gari, waliomba kwenye bustani, binti wa pili wa tajiri aliomba na mume wa dada yake. Shosho ni mama wa kanisa tangu ujana, na ilimgusa sana. Sala nyingine zilikuwa fupi, nyingine ndefu mno, na siku moja baada ya sala ndefu kupita zote alitikisa kichwa akasema, "Hao wana neno." Zaidi ya wote alimheshimu yule daktari. Alisema ukipata daktari anayeanguka magotini kabla ya kushika kisu, umepata.

Mke wangu hakujua lolote. Alichojua ni kwamba akirudi saa mbili anatukuta sebuleni, mimi kwenye kigoda na mama yake kwenye kochi, tumekunywa chai, na hilo lilimfurahisha hata akaacha kuuliza. Sukari ilishuka. Tukapewa siku, Ijumaa, jicho la kulia kwanza.

Jumatano ya wiki hiyo, kwenye tamthilia, yule mama tajiri aliugua moyo. Daktari aliingia stoo na nesi wake, muziki ukapiga, Shosho akainama na safari hii akaomba kwa sauti, akimwombea mama tajiri. Kisha daktari akaenda kumpasua. Kisha mama tajiri akafa mezani.

Nilimwambia Shosho ukweli huo, kwa sababu watoto wake wanne walikuwa wanalia na asingekosa kusikia. Mikono ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Kama yule anayeomba vile amempoteza," alisema polepole, "wangu mimi ambaye sijamsikia hata akisema amina, itakuwaje?"

Mke wangu alipofika, Shosho alimwambia kwamba kesho asubuhi anarudi Manyatta, ng'ombe anakaribia kuzaa na chai inakomaa shambani. Mke wangu alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Kisha akaja jikoni akageukia ukuta akalia, miaka miwili yote ikamwagika mbele yangu. Nikaona afadhali anipige kuliko nimtazame akilia. Nikamweleza.

"Ngoja," alisema, akijipangusa. "Ati ulimwambia mum watu wakikiss wanaomba?"

Nikakubali.

"Wiki tatu?"

Nikakubali tena. Alicheka na kulia kwa pamoja, akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Nilimwomba aende amweleze mama yake, ni mama yake. Akasema yeye naye hawezi kumtamkia mama yake maneno hayo, hajawahi tangu azaliwe. Akasema nilisema mwenyewe, nitasema tena mwenyewe, na kabla ya gari la asubuhi.

Alfajiri ilinikuta nimekwisha kuvaa. Shosho alikuwa kwenye kochi na koti lake, mkoba magotini. Mke wangu alijifanya ana kazi nyingi chumbani. Niliketi kwenye kigoda, nikashika rimoti ili nipate pa kuangalia, nikabonyeza. Hakuna. Stima ilikuwa imepotea. Nilibaki na kioo cheusi, na ndani yake nilijiona mimi na yeye, wadogo, tumeketi.

"Shosho," nikakiambia kile kioo, "kuna jambo nimekudanganya. Wale watu wa TV hawakuwa wakiomba."

"Walikuwa wanafanya nini?"

Nilihisi masikio yakiwaka. "Walikuwa wanapendana. Kwa midomo."

Jirani alikuwa anafagia uwanja, nikasikiliza ufagio wake wote.

"Hata daktari?"

"Daktari ndiye kupita wote."

"Na mimi nikainamisha kichwa," alisema.

"Hata mimi niliinamisha."

Alivuta leso akafunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemliza, nikajua ndoa yangu imeingia doa ambalo halitatoka. Ndipo nikasikia sauti. Alikuwa anacheka, kicheko cha msichana, kikimponyoka kupitia leso. Alicheka mpaka mkoba ukaanguka chini, na mimi sikuuokota kwa kuogopa kusogea.

Alipotulia alitoa hukumu yake. "Basi yule mama aliuawa na ujinga. Mtu anaingia kupasua mwingine, akili ameiacha stoo." Kisha akauliza kama daktari wake wa Meru nimewahi kumwona na nesi. Nikamwambia ukweli, kwamba nesi wake ni mama mzee mwenye miwani na wote wawili wana haraka mno. Akasema hiyo ni afadhali.

Lakini mkoba ulikuwa bado chini na koti alikuwa bado amelivaa. Akasema jambo ambalo nadhani hakuwa amemwambia hata binti yake.

"Baba, mimi siogopi kufa. Naogopa wafungue kitambaa watakachonifunga jichoni, nikose hata huu mwanga mdogo nilio nao. Saa hizi najua mlango uko wapi."

Hapo sikuwa na runinga ya kuitazama wala sikuitafuta. Niligeuka nikamtazama usoni, mara ya kwanza kwa miaka kumi na miwili, na yeye hakuweza kujua kwamba nimemtazama. Uso wake ulikuwa wa mke wangu akiwa amechoka.

"Nitakuwa hapo wakikifungua," nikasema. "Na kama ni giza, nitakuambia kila kitu kinachopita mbele yangu, siku zote, bila kuficha hata kimoja."

"Hata wanaoomba?"

"Hata hao."

Akavua koti.

Ijumaa tulimpeleka. Mke wangu alimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, nami nikabeba mkoba. Ilichukua muda mfupi kuliko kipindi kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa ya kutisha kwa sababu ndiyo niliyozoea, lakini hakukuwa na muziki mwembamba, ila benchi tu na mama mmoja akimlisha mtoto ndizi.

Jumamosi asubuhi nesi mwenye miwani alifungua kitambaa. Nilisimama nilipoahidi kusimama. Shosho alipepesa. Aliangalia dirisha. Aliangalia mkono wake mwenyewe, ile sehemu iliyoungua, akaigeuza. Akamtazama binti yake, akamshika shavu. Kisha akanigeukia mimi. Desturi ilitaka ateremshe macho, na mimi niteremshe yangu. Hakuna aliyeteremsha.

"Ndiwe wewe," alisema. "Kwa sauti nilidhani u mrefu."

Nimeshukuru mambo mengi maishani, mengine kwa mazoea tu, kanisani, watu wakisimama nasimama. Asubuhi ile nilishukuru kwa mwili mzima. Nilimshukuru daktari ambaye sikuwahi kumsikia akisema amina. Nilishukuru stima iliyopotea alfajiri ya Alhamisi, na mvua ya siku ya nane. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kijana, na sikuwa nimetarajia kwamba katika umri huu nitapewa mwingine, tena kupitia kipindi cha mzimu asiye na kazi.

Alikaa nasi wiki moja zaidi kwa ajili ya dawa ya matone. Jumatatu nilirudi kutoka dukani, nikamkuta kwenye kochi lake, na chai yangu imekwisha kumiminwa, yote ndani ya kikombe. Saa kumi na mbili tamthilia ikaanza. Daktari hakuwa ameadhibiwa. Dakika kumi hazijaisha, akakutana na nesi wake nyuma ya hospitali, pale kwenye magari, muziki wa polepole ukaanza, vichwa vikakaribiana. Niliinuka nikasema nakwenda kuangalia nduma kwenye sufuria.

"Kaa, Baba," Shosho akasema. Alikuwa anatazama runinga, jicho lake jipya limefunguka kabisa, na lilikuwa linaona kila kitu. "Tuombe."

Akainamisha kichwa, akafumba. Nikaketi, nikainamisha changu. Tulikaa hivyo mpaka muziki ukaisha.

"Amina," akasema, akajiweka sawa kwenye kochi. "Haya, niambie. Huyo aliyeingia ameshika nini?"

Nikamwambia.